Ruzuku kwa Kichwa na Mtoto Asiyehesabiwa

Elimu maalumu ni mpangilio wa ufundishaji, vifaa, majengo na huduma saidizi unaomwezesha mwanafunzi mwenye ulemavu, au mwenye namna ya kujifunza ambayo darasa la kawaida halikuiandalia, kupata elimu ileile wanayoipata wenzake. Katika shule za umma za Afrika Mashariki mpangilio huo huchukua sura tatu: shule maalumu, ambazo aghalabu ni za bweni na hupokea watoto wa aina moja au mbili za ulemavu, vitengo, yaani madarasa ya elimu maalumu yaliyomo ndani ya shule ya kawaida, na elimu jumuishi, ambapo mtoto huketi darasa moja na wenzake wa mtaa wake, na msaada anaouhitaji humfuata hapo alipo. Sura hizi hujadiliwa sana kwa upande wa malezi na haki, lakini kwa upande wa fedha hujadiliwa kidogo, ilhali fedha ndizo huamua, bila kelele, ni ipi kati ya hizo tatu mtoto ataikuta siku wazazi wake watakapompeleka kuandikishwa.

Hata pale fedha zinapozungumzwa, mazungumzo huishia kwenye kiasi: bajeti ni ndogo, iongezwe. Dai hilo ni la haki, ila kabla ya kiasi kuna kanuni, yaani utaratibu unaoeleza fedha zihesabiwe kwa kipimo gani, zipitie njia ipi na zimfikie nani, na kanuni mbaya inaweza kuipoteza hata bajeti nono. Kanuni inayotawala katika shule nyingi za umma za ukanda huu ni ya kuhesabu vichwa. Ina kasoro mbili zinazowaumiza watoto wenye ulemavu kuliko wengine wote, kwa kuwa humchukulia kila mtoto kana kwamba gharama yake inakaribiana na ya mwenzake, na humlipia yule tu aliyekwisha kuingia katika daftari.

Mizizi ya hali hii iko mbali. Shule za kwanza za watoto wenye ulemavu katika Afrika Mashariki zilianzishwa na makanisa na mashirika ya hisani, wala hazina ya serikali haikuhusika. Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya wasioona mjini Thika mwaka 1946, Kanisa Anglikana likafungua ya Buigiri mkoani Dodoma mwaka 1950, na katika miaka ya 1960 zikafuata za Wakatoliki huko Tabora na ya Walutheri huko Irente, Lushoto. Gharama zilibebwa na waumini na wafadhili wa ng'ambo, na serikali ilipoanza kuingia baada ya uhuru, kwa kulipa walimu na kusimamia mitaala, iliingia kama msaidizi wa kazi iliyokwisha kuanzishwa na mwingine. Urithi wa mpangilio huo ni mzito kuliko unavyodhaniwa, kwani kwa miongo kadhaa gharama za elimu maalumu hazikuandikwa vitabuni kama sehemu ya gharama ya kawaida ya kuendesha shule za taifa. Ziliandikwa kama nyongeza, na nyongeza ndiyo hukatwa kwanza makusanyo yanapopungua.

Fedha za serikali huifikia shule ya umma kupitia mikondo mitatu. Wa kwanza ni mishahara, ambayo humeza sehemu kubwa ya bajeti ya elimu na hulipwa kwa mwalimu mwenyewe bila kupita mikononi mwa shule. Nchini Kenya mwajiri ni Tume ya Kuajiri Walimu, na Tanzania Bara walimu wa shule za umma wako chini ya halmashauri zinazosimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Wa pili ni fedha za maendeleo, zinazojenga madarasa, mabweni na vyoo. Wa tatu ni ruzuku ya uendeshaji, ambayo ndiyo fedha pekee ambazo mwalimu mkuu na kamati ya shule wana nafasi ya kuzipangia matumizi, kuanzia chaki na karatasi za mtihani hadi kufuli la mlango na bili ya maji. Mtoto mwenye ulemavu huguswa na mikondo yote mitatu, lakini ni katika huu wa tatu ambapo kasoro ya kuhesabu vichwa huonekana waziwazi.

Tanzania ilipofuta ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, kwa kufuata Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ruzuku ya uendeshaji ya shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo shilingi 4,000 zilibakizwa kwa ajili ya ununuzi wa vitabu kitaifa, hivyo shilingi 6,000 ndizo zilizopelekwa katika akaunti ya shule kwa awamu za kila mwezi. Kwa kiwango hicho, shule ya kawaida yenye wanafunzi 900 hupata shilingi 5,400,000 kwa mwaka, yaani shilingi 450,000 kwa mwezi, kiasi ambacho ni kidogo lakini kinaweza kupangwa. Kitengo cha watoto 20 wasiosikia kilichomo ndani ya shule hiyohiyo huongeza katika hesabu shilingi 120,000 kwa mwaka, sawa na shilingi 10,000 kwa mwezi, nazo huingia katika akaunti ileile na kuyeyukia humo pamoja na mahitaji ya shule nzima. Mwalimu mkuu anayezitumia kununua karatasi za mtihani wa watoto 900 hajamwibia mtu, kwa sababu hakuna mstari wowote unaomwambia kuwa shilingi zile 10,000 zilikuja kwa jina la watoto wale 20.

Ni kweli kwamba wizara hununua vifaa vya elimu maalumu kwa pamoja na kuvisambaza, na kwamba wanafunzi wa bweni hutengewa fedha za chakula, ambazo mpango wa elimu bila ada ulipoanza zilikuwa shilingi 1,500 kwa siku, yaani shilingi 500 kwa mlo iwapo milo ni mitatu. Lakini ununuzi wa kitaifa huleta kifaa bila kuleta fungu la kukitunza. Mashine ya Perkins, ambayo ni taipureta ya maandishi ya nukta nundu, huhitaji karatasi nene isiyopatikana katika duka la vifaa vya shule la kijijini, na mtambo wake ukikwama humhitaji fundi ambaye huenda yuko mkoa mwingine. Shimesikio huhitaji betri mpya mara kwa mara, na kipande chake kinachoingia sikioni hubana mtoto anapokua, hivyo hakina budi kutengenezwa upya. Kitabu kimoja cha kiada kikichapwa kwa nukta nundu hugeuka kuwa majuzuu kadhaa manene. Gharama hizi hujirudia mwaka hadi mwaka, na kifaa kilichotolewa kwa hafla na picha huishia kabatini si kwa uzembe wa mwalimu, bali kwa sababu ruzuku ya uendeshaji haikuwahi kuzipigia hesabu.

Kenya imejaribu kuirekebisha kasoro hii kwa njia ambayo wachumi wa elimu huiita kuweka uzito, maana yake ni kumhesabu mwanafunzi mwenye mahitaji ya ziada kuwa sawa na wanafunzi zaidi ya mmoja. Elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bure mwaka 2003, ruzuku ya kila mwanafunzi ilikuwa shilingi 1,020 za Kenya kwa mwaka, na mtoto mwenye mahitaji maalumu aliongezewa shilingi 2,000 juu yake. Mwaka 2018, katika mpango wa elimu ya sekondari ya kutwa bila karo, mwanafunzi wa kawaida alitengewa shilingi 22,244, na yule wa shule ya mahitaji maalumu shilingi 57,974, ambazo ni takriban mara mbili na nusu ya kiwango cha kwanza. Hatua hiyo inastahili sifa kwa sababu imeitia gharama ya mtoto huyu ndani ya kanuni yenyewe, badala ya kumwachia mfadhili au harambee ya wazazi.

Hata hivyo, uzito wa namna moja kwa wote una dosari yake. Mtoto mwenye uoni hafifu anaweza kuhudumiwa vyema kwa miwani, kitabu chenye maandishi makubwa na kiti cha mstari wa mbele, ilhali mtoto asiyeona na asiyesikia kwa pamoja huhitaji mtu mzima mmoja karibu naye kwa muda wote wa masomo, na mtoto mwenye mtindio wa ubongo huhitaji kiti maalumu, tiba ya viungo na mlezi wa kumsaidia chooni na wakati wa kula. Kuwapa wote hao nyongeza inayolingana ni kuwapunja wenye mahitaji mazito, na hilo ndilo hufanya shule, pasipo nia mbaya, kuwapokea kwa urahisi watoto wenye ulemavu mwepesi na kuwaambia wazazi wa wengine kuwa nafasi zimejaa.

Kuna jambo lingine ambalo uzito, uwe mkubwa kiasi gani, hauwezi kuliponya. Sehemu kubwa ya gharama za elimu maalumu haipandi wala kushuka kwa idadi ya watoto. Njia mteremko ya kiti mwendo hujengwa kwa gharama ileile awe anapita mtoto mmoja au kumi; mkalimani wa lugha ya alama hulipwa mshahara uleule mbele ya wanafunzi watatu au kumi na watano; na mwalimu wa watoto wenye usonji hawezi kugawanywa robo kwa sababu kitengo kina watoto wanne. Kwa hiyo kitengo kidogo cha wilaya yenye watu wachache, ambacho ndicho kilicho karibu na nyumbani kwa mtoto, huonekana ghali kila kinapopimwa kwa kichwa, na shule kubwa ya bweni iliyo umbali wa kilomita mia tatu huonekana nafuu. Serikali inayotaka elimu jumuishi kwa maneno na kulipa kwa kichwa kwa vitendo inajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Njia iliyo bora ni kukipa kila kitengo kiwango cha msingi kisichotegemea idadi, kitakachotosha kukifungua na kukiendesha, kisha ruzuku ya kichwa ifuate juu yake.

Kasoro ya pili, ile ya daftari, ni kubwa zaidi, kwa sababu humhusu mtoto ambaye bado hayuko shuleni, au yuko shuleni na hakuna aliyemtambua. Ugumu wake unaonekana katika takwimu za sensa. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliripoti kuwa asilimia 2.2 ya watu wenye umri wa miaka mitano na zaidi walikuwa na ulemavu, na ile ya Tanzania ya mwaka 2022 ikaripoti asilimia 11.2 ya wenye umri wa miaka saba na zaidi. Hakuna anayeweza kudai kwa dhati kwamba mpaka wa Namanga unazitenga jamii mbili ambazo moja ina ulemavu mara tano ya nyingine. Tofauti ya namna hii huzaliwa hasa na mahali mstari unapochorwa. Takwimu za kisasa hazimuulizi mtu iwapo yeye ni mlemavu, swali ambalo wengi hulikana kwa aibu au hofu. Humuuliza ana ugumu kiasi gani katika kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, na kama watahesabiwa wenye ugumu kiasi pamoja na wenye ugumu mkubwa, au wenye ugumu mkubwa peke yao, idadi hubadilika mara kadhaa. Mpangaji bajeti anayechukua takwimu moja na kuiacha nyingine ameshaamua, kabla ya kuandika shilingi yoyote, ni watoto wangapi watakuwapo.

Kutoka sensa hadi darasani kuna daraja linaloitwa upimaji, yaani uchunguzi wa kitaalamu unaobaini mtoto ana mahitaji gani na shule imfanyie nini. Kenya ilianza kuweka vituo vya upimaji wa kielimu mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na miaka miwili baadaye ikaanzisha Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya jijini Nairobi, ambayo hutoa mafunzo kwa walimu na kufanya upimaji. Hatua hizo ziliitanguliza Kenya katika ukanda mzima. Lakini kituo cha upimaji huhitaji kipima usikivu kinachofanya kazi, chumba kisicho na kelele, mafuta ya gari la kwenda vijijini na mtaalamu ambaye hakupangiwa vipindi vya kufundisha siku hiyohiyo. Vyote hivyo ni matumizi ya kawaida ya kila mwezi, na kwa kuwa havina jengo la kuzindua wala idadi ya vichwa vya kuhesabia, hubaki mwishoni mwa orodha. Mtoto ambaye hakupimwa huitwa mzito, mtundu au mvivu, hurudia darasa, kisha huacha shule, na gharama yake haionekani popote katika vitabu vya serikali.

Teknolojia ya usajili imeongeza kizingiti kingine. Kuanzia mwaka 2017 Kenya ilitumia mfumo wa kielektroniki wa taarifa za elimu unaojulikana kama NEMIS, uliotumika kukokotoa ruzuku kwa wanafunzi waliosajiliwa, na usajili wenyewe ulidai namba ya cheti cha kuzaliwa. Lengo lilikuwa jema, kuondoa wanafunzi hewa ambao shule ziliwabuni ili kupata fedha. Ila mtoto aliyefichwa nyumbani kwa sababu ya ulemavu wake ni miongoni mwa wale ambao cheti chao hakikuwahi kuombwa, na siku anapotokea shuleni mwalimu humpokea kwa huruma huku mfumo ukimkataa, akasoma kwa fedha zilizotengwa kwa ajili ya wenzake. Kanuni inayomwadhibu mwanafunzi hewa haipaswi kumfanya mwanafunzi halisi kuwa hewa.

Ushahidi ulio dhahiri kuliko wote kwamba kanuni ya fedha huweza kuwafuta watoto katika hesabu unatoka Marekani, nchi ambayo si maskini. Mwaka 2004 mamlaka ya elimu ya jimbo la Texas, ambako karibu asilimia 12 ya wanafunzi walikuwa katika elimu maalumu, iliweka kipimo cha utendaji kilichozitarajia wilaya za shule zisizidishe asilimia 8.5, na wilaya zilizozidisha zikawa katika hatari ya kuchunguzwa. Haikuwa lazima kumfukuza mtoto yeyote. Wilaya zilichelewesha upimaji, zikaongeza hatua za kupitia kabla ya kuupata, zikawashawishi wazazi kuwa mtoto atakuwa sawa akiongezewa mazoezi, na kufikia mwaka 2015 kiwango cha jimbo zima kilikuwa kimeshuka hadi kukaribia kabisa ile 8.5. Gazeti la Houston Chronicle lilifichua jambo hilo mwaka 2016, bunge la jimbo likapiga marufuku kipimo hicho mwaka uliofuata, na Januari 2018 wizara ya elimu ya serikali kuu ikatamka kuwa jimbo lilikuwa limevunja sheria. Watoto waliopita shule bila msaada katika miaka hiyo hawakurudishiwa miaka yao.

Kinyume chake nacho kina hatari. Pale serikali inapolipa kwa kila mtoto aliyepewa jina la ulemavu, shule hushawishika kuwapa jina hilo watoto ambao tatizo lao ni ufundishaji duni au lugha ya kufundishia wasiyoifahamu, na pale inapolipa zaidi kwa bweni kuliko kwa darasa la kawaida, watoto husukumwa kwenye bweni. Kwa kuliona hilo, Bunge la Marekani lilibadilisha kanuni yake mwaka 1997, likaamua kuwa fedha zinazozidi kiwango cha msingi zigawanywe kwa majimbo asilimia 85 kwa kufuata idadi ya watoto wote wa umri husika na asilimia 15 kwa kufuata umaskini, bila kujali ni wangapi wamepewa jina. Njia hiyo huondoa ushawishi wa kubandika majina, lakini huiacha wilaya yenye watoto wengi wenye mahitaji mazito ikilipwa sawa na jirani yake mwenye wachache. Hakuna kanuni isiyo na upande mbaya; kuna kanuni ambazo upande wake mbaya umejulikana na kuwekewa kinga, na nyingine ambazo hakuna aliyezichunguza.

Sheria peke yake haimlipi mwalimu. Rais Gerald Ford alipotia saini sheria ya Marekani ya elimu kwa watoto wote wenye ulemavu tarehe 29 Novemba 1975, wakati ambapo Bunge lilikuwa limebaini kuwa watoto milioni moja wenye ulemavu walikuwa nje kabisa ya shule za umma, alionya wazi kuwa sheria hiyo iliahidi zaidi ya kile ambacho serikali kuu ingeweza kutekeleza. Iliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 1982 serikali kuu ingechangia hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya mwanafunzi mmoja nchini kwa kila mtoto mwenye ulemavu. Katika bajeti za kawaida za kila mwaka lengo hilo halijawahi kufikiwa hata nusu, na katika miaka ya karibuni mchango huo umekuwa chini ya asilimia 15, huku majimbo na wilaya vikibeba kilichobaki. Hata hivyo sheria hiyo ilikuwa na meno ambayo nyingine nyingi hazina, kwa sababu haki ya mtoto haikufungwa kwenye bajeti: mzazi anaweza kuishtaki wilaya, na wilaya haisikilizwi ikijitetea kwa kusema fedha zimekwisha.

Uganda ilichukua njia ya kutaja asilimia. Mpango wake wa elimu ya msingi kwa wote wa mwaka 1997, ambao mwanzoni uliwagharimia watoto wanne kwa kila familia, uliagiza kwamba mtoto mwenye ulemavu awe wa kwanza kuhesabiwa kati ya wanne hao, agizo la busara ambalo kwa mara ya kwanza lilimfanya mtoto huyo kuwa mbele ya foleni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kisha sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2006 ikaielekeza serikali kutenga angalau asilimia 10 ya matumizi yote ya elimu kwa ajili yao. Bajeti zilizofuata zilibaki mbali sana na kiwango hicho, na sababu haihitaji kutafutwa mbali: asilimia iliyotajwa katika sheria bila kueleza nani atailipa, kutoka fungu lipi na nani atawajibishwa isipolipwa, haimpi mzazi wala mahakama mahali pa kuishika. Tanzania, iliyoridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, ilieleza haki ya elimu jumuishi kwa upana unaoridhisha. Kazi iliyobaki ni ya mafungu.

Mzigo wa fedha huonekana kwa ukali zaidi pale dharura inapoingia. Mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino yalipoongezeka katika Kanda ya Ziwa mwishoni mwa miaka ya 2000, watoto walipelekwa kwa ajili ya usalama wao katika shule kama Buhangija mjini Shinyanga, Mitindo wilayani Misungwi na Kabanga wilayani Kasulu. Shule hizo zilipewa jukumu la ulinzi, malezi na matibabu ambalo kanuni ya ruzuku haikulijua. Baadhi ya watoto waliletwa wakiwa wadogo mno kuanza darasa la kwanza, hivyo walihitaji kulishwa na kuvishwa kabla hawajawa wanafunzi katika daftari lolote. Walimu na wasamaria wema walifanya kazi kubwa, lakini hisani ikarudi kuwa nguzo ya jambo ambalo lilikuwa wajibu wa dola.

Watoto hao hao wanafichua ufa mwingine, ulio kati ya wizara na wizara. Mwanafunzi mwenye ualbino huhitaji kofia pana, miwani, lenzi ya kukuzia maandishi na losheni ya kuzuia miale ya jua, kama ile ya Kilisun inayotengenezwa Moshi, na bila hivyo hawezi kusoma ubaoni wala kwenda shuleni kwa usalama. Je, losheni ni dawa au ni kifaa cha kujifunzia? Ikiwa ni dawa, bajeti ni ya afya. Ikiwa ni kifaa, ni ya elimu. Na swali lisipojibiwa, hununuliwa na mzazi au hainunuliwi. Marekani ililitatua swali la namna hiyo mwaka 1988 kwa kuruhusu bima ya afya ya watu wenye kipato cha chini ilipe huduma za tiba zinazotolewa shuleni kwa watoto wa elimu maalumu wanaostahili bima hiyo. Tanzania inapopanua bima ya afya kwa wote, mashimesikio, miwani, tiba ya viungo na losheni za watoto walio shuleni vinastahili kuandikwa ndani ya kitita cha msingi, kwani bila hivyo ufa huo utapata sura mpya na kubaki palepale.

Kuhusu walimu, itoshe kusema kwamba chuo cha Patandi mkoani Arusha na taasisi nyingine zimewafundisha wengi, lakini mwalimu aliyesomea lugha ya alama huweza kupangwa katika shule isiyo na mtoto kiziwi hata mmoja, kwa sababu mfumo wa ajira hujaza pengo la masomo na idadi kabla ya kuangalia utaalamu. Hilo halihitaji shilingi ya ziada ili lirekebishwe.

Yapo yanayohitaji shilingi ya ziada, na la kwanza kati yake ni upimaji, ambao unafaa kuwa na fungu lake katika bajeti ya kila halmashauri na kila kaunti, lisiloruhusiwa kuhamishwa. La pili ni kiwango cha msingi cha kitengo, kilichotajwa hapo juu. La tatu linahusu kalenda. Mwaka wa masomo huanza Januari na mwaka wa fedha huanza Julai, na makisio ya halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Hivyo mtoto anayeandikishwa Januari akiwa na mahitaji ambayo hakuna aliyeyatarajia hukuta bajeti inayotekelezwa imefungwa zamani, na inayoandaliwa, hata ikimwingiza, haitaanza kutumika kabla ya nusu ya mwaka wake wa kwanza wa shule kupita. Jimbo la Massachusetts lina utaratibu unaofaa kusomwa hapa: gharama ya mtoto mmoja inapozidi mara nne ya kiwango cha wastani kilichowekwa na jimbo kwa mwanafunzi, jimbo huirudishia wilaya hadi asilimia 75 ya kile kilichozidi, ili shule ndogo isifilisike kwa kumpokea mtoto mmoja mwenye mahitaji makubwa. Mfuko wa namna hiyo, ukiwekwa katika ngazi ya taifa na kufunguliwa kwa maombi ya shule wakati wowote wa mwaka, hautakuwa mkubwa kulinganisha na bajeti nzima ya elimu, kwa sababu watoto wenye gharama za kiwango hicho ni wachache katika kila wilaya. Ungemwezesha mwalimu mkuu anayepokea Januari mtoto asiyeona na asiyesikia kumwandikisha siku hiyohiyo, akijua kuwa mshahara wa mlezi wa mtoto huyo una mahali pa kutoka kabla ya Julai.